Soma Mkia wa Jina: Mwongozo Kamili wa Kuielewa Dawa Uliyoandikiwa

Shangazi yangu alimwaga mfuko wa dawa mezani, akazipanga mafungu matatu. "Mwanangu, hizi za presha, hizi za moyo, na hizi za miguu." Za presha na za moyo zilikuwa katika maboksi mawili ya rangi tofauti, yametoka viwanda viwili, kaandikiwa na madaktari wawili. Niliyageuza nikasoma maandishi madogo ya ubavuni. Yote mawili yalikuwa amlodipini, miligramu 10 kila kidonge. Shangazi alikuwa anameza miligramu 20 kwa siku, ilhali kipimo cha juu cha dawa hiyo ni 10. Fungu la tatu lilikuwa furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini. Alipewa baada ya vifundo vya miguu kuvimba, na kilichomvimbisha ni hiyo hiyo amlodipini.

Nashinda kwenye dirisha la dawa, na mifuko ya namna hiyo naiona mara nyingi. Kila daktari aliandika dawa sahihi kwa alichokiona mbele yake. Aliyekosekana ni mtu wa kusoma maboksi yote matatu kwa pamoja, na mtu huyo anaweza kuwa mgonjwa mwenyewe. Masharti yanayoandikwa kwenye bahasha, kama "kabla ya kula", "usitafune" au "usiache ghafla", yanaonekana kama amri tu. Kumbe kila moja linatokana na mahali dawa inapofanyia kazi mwilini. Ukipajua mahali hapo, sharti lenyewe utalikumbuka bila kulikariri.

Hatua ya 1: Tafuta jina la dawa yenyewe

Kila boksi lina majina mawili. Lililoandikwa kwa herufi kubwa za kupendeza ni la biashara, na kila kiwanda kina lake. Lililo chini yake kwa herufi ndogo ndilo jina la dawa, na hilo halibadiliki ukivuka mpaka. Shirika la Afya Duniani limekuwa likitoa orodha za majina haya tangu mwaka 1953 ili daktari wa nchi moja na mfamasia wa nchi nyingine waelewane. Maboksi mawili yakiwa na jina dogo lile lile, hiyo ni dawa moja hata kama moja ni jekundu na jingine bluu.

Kando ya jina hilo kuna nguvu ya dawa kwa miligramu. Kwenye dawa ya maji ya mtoto, soma mpaka mwisho wa mstari: chupa moja inaweza kuwa na miligramu 125 katika kila mililita 5, na nyingine ya dawa ile ile ikawa na 250. Kijiko ni kile kile, dawa ni mara mbili. Mzazi aliyezoea chupa ya kwanza anaweza kumzidishia mtoto bila kujua.

Tazama pia kama kuna majina mawili yaliyounganishwa kwa alama ya kujumlisha au mkwaju. Hicho ni kidonge chenye dawa mbili ndani. Dawa nyingi za mafua zimefichwa parasetamoli namna hii, na mtu anayemeza na vidonge vya maumivu pembeni huvuka kipimo haraka sana.

Hatua ya 2: Soma mkia

Majina ya dawa yanaonekana kama yametungwa na mtu mwenye homa, lakini yana utaratibu. Dawa za ukoo mmoja hufanana mwishoni. Majina nitayaandika yanavyotamkwa. Mikia nitaiandika ilivyochapwa kwenye boksi, maana huko ndiko jicho lako litakakoitafuta.

-pril na -sartan: presha na moyo. -dipine: presha pia, kwa njia nyingine. -olol: hupunguza kasi ya moyo. -statin: kolesteroli. -prazole: asidi ya tumbo. -cillin na -floxacin: antibiotiki. -vir: virusi.

Usikate mkia mfupi mno, kwa sababu kuna mtego. Omeprazoli, metronidazoli, flukonazoli na albendazoli zote huishia -azole. Ya kwanza ni ya asidi, ya pili huua bakteria na amiba, ya tatu ni ya fangasi, ya nne ni ya minyoo. Zilizochanganya watu dirishani kwangu ni hizo kuliko zote. Rudi herufi chache nyuma: -prazole, -nidazole, -conazole, -bendazole.

Hatua ya 3: Jua dawa inafanyia kazi wapi

*Presha.* Mfikirie mtu anayemwagilia kwa mpira. Maji yakitoka kwa nguvu mno, ama apunguze maji, ama afungue bomba taratibu, ama atumie mpira mpana zaidi. Dawa za presha zinafanya mojawapo ya hayo, na ndiyo maana mgonjwa mmoja huandikiwa mbili au tatu zisizofanana.

Za kutoa maji, kama haidroklorothiazidi, huziambia figo ziachie chumvi, na chumvi ikitoka maji huifuata. Meza asubuhi, la sivyo utaamka kukojoa usiku kucha. Atenololi na ndugu zake wa -olol huupoza moyo upige polepole. Amlodipini hulegeza misuli iliyomo kwenye kuta za mishipa, mishipa ikapanuka. Lakini hupanua zaidi mishipa inayopeleka damu kuliko inayoirudisha, kwa hiyo damu inafika miguuni kwa wingi na maji yanavujia kwenye nyama ya vifundo. Uvimbe huo hautokani na maji kuzidi mwilini, ndiyo sababu dawa ya kukojosha haiuondoi vizuri. Shangazi aliporudi kliniki na maboksi yake yote, daktari alimbakishia nusu kidonge cha amlodipini, akamwongezea losartani kidogo, na furosemidi akaifuta mwenyewe kwa kalamu. Baada ya wiki kadhaa viatu vyake vya zamani vilimwingia tena.

Enalaprili na wenzake wa -pril huzuia mwili kutengeneza kemikali inayobana mishipa. Ya kwanza ya kumeza katika ukoo huu, kaptoprili, ilitokana na utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazili ambaye akiuma presha ya mtu huanguka. Kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemikali mwilini) kinachozuiwa na dawa hizi kina kazi ya pili: huvunja kemikali nyingine iitwayo bradikinini. Ikikosa wa kuivunja hujikusanya, na mtu mmoja kati ya kama kumi hupata kikohozi kikavu kisichoisha. Nimeona waliokunywa dawa za kifua miezi mitatu, kumbe kikohozi kinatoka kwenye kidonge cha presha. Losartani na -sartan nyingine hufanya kazi mbele kidogo ya hapo bila kuigusa bradikinini, ndiyo maana daktari huhamia huko. Dawa za aina zote mbili, -pril na -sartan, ni hatari kwa mimba. Ukihisi una ujauzito, rudi haraka ubadilishiwe.

*Kisukari.* Ini huhifadhi sukari na kuiachia damuni hata wakati hujala. Kwenye kisukari cha aina ya pili huiachia kupita kiasi, na metformini hulizuia hapo. Kwa kuwa haiulazimishi mwili kutoa insulini, homoni ya kushusha sukari, ikitumiwa peke yake ni nadra kukuangusha sukari. Kero yake ni tumbo: gesi, kichefuchefu, kuharisha wiki za mwanzo. Meza katikati ya mlo au mara tu baada ya kula.

Glibenklamidi ni kitu kingine kabisa. Hulikamua kongosho litoe insulini, na halisubiri kujua kama umekula. Ukimeza ukasahau kula, sukari itashuka: utatetemeka, jasho jembamba litakutoka, utachanganyikiwa. Hapo tumia sukari gramu 15 hadi 20 mara moja, iliyoyeyushwa kwenye maji au ndani ya kinywaji kitamu, kisha kula chakula. Asiyeweza kumeza asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Kumbuka pia kwamba dawa za -olol zinaficha ule mtetemo na mapigo ya kasi, kwa hiyo mwenye kutumia vyote viwili aitazame zaidi dalili ya jasho.

Insulini haimezwi kwa sababu ni protini, na tumbo huisaga kama nyama. Ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Ikiganda imeharibika hata kama imeyeyuka tena na inaonekana nzuri.

*Asidi na vidonda vya tumbo.* Kwenye ukuta wa tumbo kuna pampu ndogo ndogo zinazomwaga asidi, nyingi zimelala mpaka chakula kiingie. Omeprazoli hushika pampu zilizoamka na kuzifunga moja kwa moja. Yenyewe haikai damuni muda mrefu, kwa hiyo ni lazima iwe imeshafika pale pampu zinapoamka. Hiyo ndiyo maana ya "nusu saa kabla ya kula". Anayeimeza usiku akienda kulala na tumbo tupu anaipoteza bure kwa kiasi kikubwa. Na kwa kuwa kila siku pampu mpya huzaliwa, nafuu kamili huja baada ya siku kadhaa. Zile punje ndani ya kapsuli zimepakwa ganda la kuzilinda na asidi hiyo hiyo. Ukizisaga umeiua dawa kabla haijafika.

Vidonda vingi huletwa na bakteria aitwaye *Helicobacter pylori*. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua. Ukipimwa ukakutwa naye utaandikiwa antibiotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya asidi, mara nyingi kwa siku 14. Hiyo ya asidi peke yake itakupoza tu.

*Antibiotiki.* Bakteria ana ukuta, seli zetu hazina. Amoksilini huharibu ujenzi wa ukuta huo, bakteria akapasuka. Azithromaisini na doksisaiklini huvizuia viwanda vyake vya protini. Siprofloksasini humharibia namna ya kukunja na kunakili vinasaba vyake. Virusi wa mafua hana ukuta wala kiwanda chake mwenyewe, kwa hiyo amoksilini haina pa kumshika, hata umeze boksi zima.

Muda ndio roho ya antibiotiki. Amoksilini hutoka mwilini haraka, nusu yake ikiondoka ndani ya kama saa moja, na bakteria hufa tu wakati ikiwepo ya kutosha. Ndiyo sababu ya mara tatu kwa siku. Azithromaisini hujificha ndani ya nyama za mwili kwa siku kadhaa, kwa hiyo kidonge kimoja kila siku, kwa siku tatu tu, kinaweza kutosha. Usipime uzito wa tiba kwa wingi wa vidonge.

Doksisaiklini na siprofloksasini hunaswa na kalsiamu, chuma na dawa za kutuliza asidi, zikapita tumboni bila kuingia damuni. Ziachanishe na hivyo kwa saa kadhaa, na siprofloksasini usiimeze na maziwa. Doksisaiklini ni kali kwa koo: glasi nzima ya maji, na usilale kwa nusu saa. Ukihisi maumivu kwenye kano ya nyuma ya kisigino ukiwa kwenye siprofloksasini, acha kuimeza na urudi kwa daktari siku hiyo hiyo. Metronidazoli huacha ladha ya chuma mdomoni, hilo lisikutishe. Pombe lakini iache mpaka siku 3 zipite baada ya kidonge cha mwisho.

*Pumu.* Hapa watu hukosea kuliko mahali popote, na kosa lenyewe linaua. Njia za hewa za mwenye pumu zina matatizo mawili: misuli yake hubana, na kuta zake zimevimba kwa ndani. Salbutamoli hulegeza misuli ndani ya dakika 5, kazi yake ikaisha baada ya saa 4 hadi 6. Uvimbe haiugusi. Inayougusa ni steroidi ya kuvuta kama beklometasoni au budesonidi, ambayo hufanya kazi polepole kwa siku na wiki, na ukiivuta hutahisi lolote. Sasa mgonjwa gani ataipenda dawa ambayo haihisi? Anaiacha, anashikilia ile ya haraka, na uvimbe unaendelea chini kwa chini. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haushauri tena mtu mzima atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Ukiona chupa yako inaisha upesi, pumu yako haijatulia; rudi kliniki.

Namna ya kuvuta: tikisa chupa, toa pumzi yote, ziba mdomo wa kifaa kwa midomo, anza kuvuta hewa polepole kisha ubonyeze, endelea kuvuta mpaka mwisho, zuia pumzi kwa hesabu ya 10. Ukiona moshi unatoka puani au mdomoni, dozi imepotea. Baada ya steroidi sukutua ukateme, la sivyo utando mweupe wa fangasi utaota ulimini.

Hapa pia mikia ina kisa. Salbutamoli hufungua aina ya vipokezi (milango ya seli inayopokea ishara) ambavyo propranololi hufunga. Mwenye pumu akimeza ya pili kwa ajili ya moyo au kipandauso, anaweza kubanwa kifua vibaya, na ile ya kuvuta isimsaidie.

*Maumivu.* Ibuprofeni na diklofenaki huzuia prostaglandini, kemikali zinazoleta maumivu na uvimbe. Lakini kemikali hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kuzipelekea figo damu. Kwa hiyo dawa inayotuliza goti inaweza kuchubua tumbo na kuzibana figo. Meza na chakula, kwa siku chache. Parasetamoli hailichubui tumbo, ila ini lina mpaka wake: gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mpaka huo ni wa juu kabisa.

Zilizobaki nazipita haraka. Simvastatini hulizuia ini kutengeneza kolesteroli, kazi ambayo ini huifanya zaidi usiku, ndiyo maana humezwa jioni. Atorvastatini hukaa muda mrefu, wakati wowote ni sawa. Levothairoksini ya tezi ya shingo humezwa kwa maji matupu asubuhi, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Fluoksetini ya sonona huchukua wiki 2 hadi 4 au zaidi kuonyesha kazi, na wengi huiacha wiki ya pili wakidhani haifai. Amitriptilini kwa kipimo kidogo hutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, kwa hiyo usikasirike ukisoma kwamba ni dawa ya sonona; daktari hakukudhania vibaya.

Hatua ya 4: Geuza maandishi yawe saa

"1×3" maana yake kimoja kila baada ya saa 8. Saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Haina maana ya asubuhi, mchana na jioni kabla giza halijaingia, vitatu ndani ya nusu siku kisha mwili ukae mtupu usiku mzima. "1×2" ni kila saa 12.

Ukisahau, meza unapokumbuka. Ikiwa dozi inayofuata imekaribia, ruka iliyopotea. Usimeze mbili kwa pamoja kufidia.

Herufi SR, XR, MR au CR baada ya jina zinaonyesha kidonge kilichotengenezwa kiachie dawa taratibu. Ukikisaga, dawa ya siku nzima inamwagika kwa mkupuo.

Hatua ya 5: Tafuta zinazogombana

Mchanganyiko ninaouogopa zaidi ni -pril au -sartan, pamoja na dawa ya kutoa maji, pamoja na ibuprofeni au diklofenaki. Kila moja inazigusa figo kwa njia yake. Zikikutana kwa mzee aliyeharisha au asiyekunywa maji, figo zinaweza kugoma ndani ya siku chache. Ile ya tatu mara nyingi mgonjwa hujinunulia mwenyewe.

Rifampisini ya kifua kikuu huufanya mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, jambo lisilo na madhara. Lenye madhara halionekani: huliamsha ini livunje dawa nyingine haraka, vikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango. Warfarini, ya kuzuia damu kuganda, hugombana na antibiotiki nyingi na hubadilishwa nguvu na mboga za majani. Usiache mboga, kula kiasi kile kile wiki zote. Maji ya balungi huongeza simvastatini damuni.

Hatua ya 6: Pambanua maudhi na hatari

Tumbo la metformini na ladha ya metronidazoli ni maudhi ya kuvumilia. Kikohozi kikavu, miguu kuvimba au misuli kuuma ukiwa kwenye -statin ni ya kumrudia daktari. Lakini midomo, ulimi au uso ukivimba, pumzi ikibana, ngozi ikitoka malengelenge pamoja na vidonda mdomoni au machoni, choo kikiwa cheusi kama lami, au macho yakiwa ya njano, acha kuimeza na uende hospitali hapo hapo na boksi mkononi. Uvimbe wa uso unaoletwa na -pril unaweza kutokea hata baada ya kuitumia miezi mingi bila tatizo.

Zipo dawa ambazo kuacha ghafla kwa sababu nyingine yoyote ndiko hatari. Prednisoloni, steroidi ya kumeza, ikitumika zaidi ya wiki 3, tezi zilizo juu ya figo huwa zimelala, na ukiacha ghafla mwili unakosa homoni ya kuuhimili ugonjwa. -olol zikikatwa ghafla moyo hukimbia. Dawa za kifafa zikikatwa degedege hurudi, pengine mfululizo. Zote hupunguzwa kidogo kidogo, na anayepanga ngazi hizo ni daktari.

Hatua ya 7: Andika karatasi moja

Mstari mmoja kwa kila dawa: jina dogo, miligramu, saa unazomeza, inatibu nini, nani aliandika. Ongeza za kujinunulia, za mitishamba na za macho. Chini kabisa andika dawa iliyowahi kukupa mzio na ilikufanya nini, maana "nilitapika" na "nilivimba uso" havilingani. Ipige picha kwenye simu. Kila ukikaa mbele ya daktari mpya, itoe kabla hajashika kalamu.